Picha za ndege zenye ukali wakati wa machweo: mwongozo kamili kutoka hori ya Mida

Kwenye hori ya Mida, jirani na Watamu katika kaunti ya Kilifi, ndege hufanya mambo yao ya kuvutia zaidi katika nusu saa ile ambayo wapigapicha wengi huwa wameshafunga mikoba yao. Kati ya Novemba na Machi, keremkerem wekundu hurudi makundi kwa makundi kulala kwenye mikoko, ndege wala kaa waliotoka kuzaliana kwenye fukwe za Bara Arabu hushuka kwenye tope kutafuta mlo, na kulastara husimama ukingoni mwa maji kama mti uliokauka. Mwanga wa wakati huo ni mzuri kuliko wa saa nyingine yoyote, lakini unakimbia, na wanaoanza hurudi nyumbani na mamia ya picha zilizotikisika. Baada ya misimu kadhaa ya kusimama mahali hapo nimeridhika kwamba ukali wa picha ya machweo hautokani hasa na bei ya kamera. Unatokana na kujua ni lini ndege atatulia, na kuwa umeshatulia wewe kabla yake.

Hatua ya kwanza: jua una dakika ngapi

Karibu na ikweta jua hushuka karibu wima. Tangu jua linapozama hadi linapofika nyuzi 6 chini ya upeo wa macho, hapa pwani hupita dakika 21 tu, ilhali London muda huohuo haupungui nusu saa na mwezi Juni hupita dakika 45. Ndiyo maana maelekezo mengi yaliyoandikwa Ulaya, yanayomwambia mpigapicha asiwe na haraka baada ya machweo, humpotosha anayeyafuata Watamu au Bagamoyo. Katika dakika hizo 21, anga likiwa wazi, mwanga hupungua nusu kila baada ya dakika 3 hivi. Kipimo ulichokiweka wakati jua linagusa miti, dakika 6 baadaye kitakuwa kimekosea kwa stopu mbili nzima (stopu moja ni mwanga kuongezeka maradufu au kupungua nusu), na picha itatoka nyeusi au imetikisika kutegemea jinsi ulivyoipanga kamera.

Saa ya machweo yenyewe haikai mahali pamoja. Mwanzoni mwa Novemba jua huzama Mida karibu saa 12:10 jioni, na katikati ya Februari huzama karibu saa 12:40. Tofauti ya nusu saa inatosha kabisa kukuharibia safari ukienda kwa mazoea. Mimi hutumia kipimo ambacho hakihitaji simu: adhana ya Magharibi ikisikika kutoka vijijini, najua jua limeshazama na nimebakiwa na robo saa ya kufanya kazi ya maana.

Kitu cha pili cha kupima ni maji. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya pwani ya Kenya hujaa takriban saa 10 au 11 jioni, na ndani ya hori huchelewa kidogo. Hizo ndizo siku ninazozichagua. Maji yakijaa saa hizo huwasukuma ndege kutoka kwenye tope la mbali hadi kandokando ya mikoko, kisha yanapoanza kupwa, ukanda wa kwanza wa tope unajitokeza karibu nawe wakati uleule mwanga unapogeuka rangi ya dhahabu. Ndege wenye njaa hawasubiri, hushuka hapohapo. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo nafasi hii nzuri hudumu siku tatu au nne tu, kisha yanaingia maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, na ndege wanatawanyika mbali. Waongozaji wa jamii wa Mida wanaijua hesabu hii kichwani. Waulize kabla ya kupanga safari, na uongozane nao, kwani wao pia ndio wanaojua tope lipi linabeba mtu na lipi linammeza hadi magotini.

Hatua ya pili: vifaa, na adui anayeitwa unyevu

Lenzi ndefu ni ya lazima, ya milimita 400 au zaidi. Kama unayo yenye tundu la f/4 au f/2.8, bahati yako (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana na huingiza mwanga zaidi), kwa sababu kutoka f/5.6 hadi f/2.8 ni stopu mbili, na stopu mbili ndizo zinazotenganisha ISO 6400 na ISO 1600, ISO ikiwa ni kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Wengi wetu hatuna, na tunaweza kufanya kazi nzuri kwa f/5.6 au hata f/6.3. Kile kipande cha kurefusha lenzi kivue mapema: cha mara 1.4 kinakula stopu moja, cha mara 2 kinakula mbili, na jioni huna stopu za kugawa.

Beba stendi ya miguu mitatu iliyo nzito na imara, na ukienda kwa mtumbwi au gari beba kifuko kilichojazwa mchele au maharagwe cha kulazia lenzi. Lenzi ndefu iliyolala juu ya kifuko hutulia kuliko iliyo juu ya stendi nyepesi.

Jambo ambalo wageni wa pwani husahau ni unyevu. Kamera iliyokaa mchana kutwa kwenye chumba chenye kiyoyozi, ikitolewa nje saa 11 jioni, lenzi yake hufunikwa na umande papo hapo, na umande mwingine huingia ndani mahali usipoweza kufuta. Nilipoteza jioni nzima ya Januari kwa kosa hilo: nilitoka hotelini moja kwa moja, na keremkerem walipokuja niliwaona kupitia kioo chenye ukungu kama dirisha la jikoni. Tangu siku hiyo mkoba wangu hukaa barazani, ukiwa umefungwa, saa nzima kabla ya kutoka, ili vifaa vipate joto polepole. Vilevile futa kioo cha mbele kwa kitambaa safi kabla ya kuanza. Upepo wa kaskazi huleta chumvi nyembamba isiyoonekana kwa urahisi, na chumvi hiyo inaondoa ukali wa picha nzima bila wewe kujua sababu.

Hatua ya tatu: mahali pa kusimama

Jua la Mida huzama upande wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Simama ukiupa msitu mgongo, ili mwanga wa mwisho umwangukie ndege usoni, na hata baada ya jua kuzama ule weupe wa magharibi uendelee kumfikia. Hapa kuna siri ndogo ninayoithamini sana. Jicho la ndege linapoelekea magharibi hubeba nukta ya mwanga, na nukta hiyo ndiyo inayomfanya mtazamaji aseme picha ina ukali. Jicho lisilo na nukta huonekana limefifia hata kama fokasi imelipata barabara. Kwa hiyo ukiwa na ndege wawili umbali sawa, mmoja akitazama mashariki na mwingine akitazama magharibi, chagua wa pili bila kusita.

Umbali ni jambo kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Tope lililopigwa na jua mchana kutwa hutoa mawimbi ya joto, na ndege aliye mita 80 ataonekana anayeyuka hata kwa lenzi bora. Mawimbi haya hupungua jua linapozama, lakini dawa ya kweli ni kuwa karibu. Na namna sahihi ya kuwa karibu ni kufika mapema, ukakaa kimya, ukamwachia ndege aje. Anayemfuata ndege kwenye tope humwona akiruka, na kundi lote linaruka naye, likipoteza nguvu lililozihifadhi kwa safari ya kurudi kuzaliana.

Ile njia ya mbao inayopita juu ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege ina tabia yake. Inaning'inia, kwa hiyo mtu akikanyaga hatua kumi nyuma yako, mtikisiko unafika hadi kwenye miguu ya stendi. Kubalianeni mapema na wenzako kwamba ndege akitulia kila mtu anaganda alipo. Mtu mmoja anayehamisha uzito kutoka mguu huu hadi mwingine anatosha kuharibu picha ya sekunde 1/60.

Hatua ya nne: ngazi ya vipimo

Usisubiri giza likukute ndipo uanze kubofya vitufe. Panga ngazi yako kabla, na uishuke kwa utaratibu. Ninatumia mpangilio wa mkono kwa tundu na kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inaruhusu mwanga uingie, kisha nairuhusu kamera ichague ISO yenyewe hadi kikomo nilichokiweka. Tundu linabaki wazi kabisa jioni nzima. Kinachobadilika kwa hiari yangu ni kasi tu.

Kwa anga lisilo na mawingu na tundu la f/5.6, dakika 20 kabla ya machweo utapata sekunde 1/500 kwa ISO 800 hivi, jambo ambalo ni raha tupu: piga ndege wanaotembea, wanaokimbiza kaa, wanaogombana. Jua linapozama, kasi ileile ya 1/500 itadai ISO 10,000, kwa hiyo shuka hadi 1/125 ubaki karibu na ISO 2500. Dakika 10 baadaye, hata 1/60 inahitaji ISO 8000. Kukiwa na mawingu mazito, ondoa stopu moja au mbili zaidi kwenye kila namba. Hizi ni namba za kuanzia, si sheria, lakini zinakuonyesha kwa nini mtu anayeng'ang'ania 1/1000 hadi mwisho hupata chenga tupu, yaani vidoadoa vinavyoletwa na ISO kubwa, na anayeshuka hadi 1/30 mapema mno hupoteza picha alizokuwa na mwanga wa kuzipiga vizuri.

Kuhusu chenga, ushauri wangu ni kuziogopa kidogo kuliko unavyoziogopa sasa. Picha yenye chenga lakini yenye jicho kali inaokoka. Iliyotikisika haina dawa. Kosa baya zaidi ni kupiga picha ya giza kwa ISO ndogo ukitumaini kuing'arisha kwenye kompyuta, kwani chenga zitakazofumuka hapo ni mbaya kuliko zile ambazo ISO kubwa ingekupa tangu mwanzo. Hifadhi picha kama faili ghafi, zile ambazo kamera huziandika RAW, ili uwe na nafasi ya kurekebisha.

Ujue pia kikomo cha kifaa cha kuzuia mtikisiko kilichomo ndani ya lenzi. Kinatuliza mkono wako, hakimtulizi ndege. Kwa kifaa hicho unaweza kushika lenzi ya milimita 400 kwa 1/60 na mandhari ikatoka safi, huku kichwa cha ndege kikiwa kimefutika kwa sababu aligeuka.

Hatua ya tano: msome ndege

Hapa ndipo penye moyo wa kazi yote, na ningekuomba utumie muda mwingi hapa kuliko kwenye maduka ya lenzi.

Tazama kuku anavyotembea uani. Kichwa chake hakisongi mbele mfululizo. Hukitupa mbele kwa ghafla, kisha kichwa kinabaki palepale hewani huku kiwiliwili kikimfuata, halafu anakitupa tena. Katika ule muda mfupi wa kusubiri, kichwa hakijongei kabisa. Ndege wengi wanaotembea hufanya hivyohivyo, na mpigapicha anayeijua midundo hiyo hupata jicho kali kwa kasi ambayo wengine hawathubutu kuitumia. Zoezi bora ninalolijua halihitaji safari: kaa uani saa 12 jioni na lenzi yako, uwapige kuku wanaporudi kulala, ukishuka kutoka 1/250 hadi 1/30, mpaka kidole chako kijue lini kubonyeza. Zoezi hilohilo litakuonyesha kamera yako inavumilia ISO ngapi kabla chenga hazijala manyoya.

Kila ndege wa Mida ana mahali pake pa kutulia. Ndege mla kaa, mwenye mwili mweupe, mgongo mweusi na mdomo mnene kama koleo, hutembea hatua chache, akasimama ghafla akikodolea tope, kisha hukimbia na kudonoa. Ule msimamo kabla ya kukimbia ndio wako. Hudumu sekunde moja au mbili, na shingo huwa imenyooka. Usimpige anapodonoa, kwa sababu hata 1/500 haitoshi sana. Sululu, mwenye mdomo mrefu uliopinda chini, akishazamisha mdomo kwenye tundu la kaa husita kidogo anapopapasa, na hapo jicho lake limetulia. Kulastara na yangeyange ni walimu wa subira: wanaweza kuganda muda mrefu, na kwao 1/30 au hata 1/15 juu ya stendi si wazimu. Ila tazama shingo. Ikianza kujivuta nyuma polepole anakaribia kuchoma samaki, kwa hiyo picha yako ipige sasa, si baadaye.

Piga mfululizo mfupi wa picha nne au tano kila nafasi inapojitokeza. Picha ya kwanza mara nyingi hubeba mtikisiko wa kidole kilichobonyeza, na za katikati huwa safi zaidi. Mfululizo huo pia hukulinda dhidi ya jambo dogo linaloudhi: ndege hupitisha utando juu ya jicho lake kwa kasi, na picha iliyopigwa wakati huo humwonyesha kama kipofu.

Hatua ya sita: fokasi gizani

Kwa lenzi ya milimita 500 yenye tundu la f/5.6 na ndege aliye mita 15, eneo linaloonekana kali lina kina cha sentimita 30 hivi tu. Ndege mla kaa aliyekuelekea ana urefu unaopita hapo, kwa hiyo fokasi ikishika bawa badala ya jicho, jicho limepotea. Kama kamera yako inatambua jicho la ndege, iruhusu ifanye kazi hiyo mwanga ukiwa bado upo. Mwanga ukishapungua nayo huanza kukosea, na hapo rudi kwenye nukta moja ya katikati.

Mfumo wa fokasi hutafuta mahali mwanga na giza vinapokutana. Ukiuelekeza kwenye mgongo mweusi au ubavu mweupe usio na alama, lenzi itatangatanga mbele na nyuma hadi ndege aondoke. Uelekeze pale mdomo mweusi unapokutana na uso mweupe, karibu na jicho, na itashika. Kama lenzi yako ina swichi ya kuizuia isitafute vitu vya karibu sana, itumie, kwani inaokoa sekunde za thamani. Ile taa ndogo ya kamera inayosaidia fokasi izime kabisa. Haifiki kwa ndege, na inawatisha walio karibu. Flashi nayo usiitumie kwa ndege walioshuka kulala.

Kwa upande wa mwangaza, maji meusi ya jioni hudanganya kipimo cha kamera, nayo hung'arisha picha hadi manyoya meupe yanaungua na kupoteza kila mstari. Kwa ndege mweupe juu ya maji meusi punguza theluthi mbili ya stopu, au stopu nzima, na utazame histogramu, ule mchoro wa kamera unaoonyesha mgawanyo wa mwanga na giza, baada ya picha za kwanza. Manyoya meupe yaliyoungua huonekana hayana ukali kwa sababu hayana tena kitu cha kuonyesha.

Hatua ya saba: keremkerem wanaporudi

Wanakuja kwa mawimbi, wakizunguka juu ya mikoko kabla ya kutua. Usijaribu kuwapata angani baada ya jua kuzama ukitaka rangi yao nyekundu, mwanga hautoshi. Chagua tawi ambalo wa kwanza wametua, weka fokasi hapo, na uisubiri dakika ile wanaposongamana na kugombea nafasi. Wakishapangana hutulia, wakijikuna mmojammoja. Upepo wa kaskazi ukitikisa tawi, subiri lifike mwisho wa mnyumbuko wake, pale linaposita kabla ya kurudi, ndipo ubonyeze.

Mwanga wa mbele ukishakwisha kabisa, geuka. Anga la magharibi litabaki na mwanga kwa dakika kadhaa zaidi, na ndege anayepita mbele yake atatoka kama kivuli cheusi chenye mstari safi. Pima mwanga kwenye anga lenyewe, usimpime ndege, na utaona kasi ya shata inapanda tena hadi kiwango cha kumpata anayeruka. Kwa picha za namna hii hata simu nzuri inaweza kufanya kazi. Kwa zile nyingine, haiwezi.

Hatua ya nane: usiku uleule

Futa lenzi na stendi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji baridi ya kunywa, kwa sababu chumvi ikikauka kwenye viungo vya stendi hukaza. Kwenye kompyuta tazama kila picha kwa ukubwa wake kamili, jicho kwanza, na ufute bila huruma zilizotikisika kabla ya kuanza kupenda rangi zake. Punguza chenga kwenye mandhari ya nyuma kwa nguvu, kwenye manyoya kwa kiasi, na uongeze ukali kwa ndege peke yake, kwani ukiuongeza kwa picha nzima unazinoa chenga pamoja naye.

Kisha andika kwenye daftari: tarehe, maji yalijaa saa ngapi, jua lilizama saa ngapi, na dakika ya picha ya mwisho iliyotoka vizuri. Dakika hiyo ya mwisho ndiyo kipimo halisi cha maendeleo yako. Yangu kwa sasa ni dakika ya 14 baada ya jua kuzama: kulastara ukingoni mwa maji, juu ya stendi, f/5.6, sekunde 1/15, ISO 6400, kati ya picha 22 mbili tu zenye jicho kali, na katika moja ya hizo mbili nukta ya magharibi imo jichoni.